Almasi za Mbuji-Mayi na Gharama Iliyolipwa Harare

Agosti 1998 Kinshasa, mji mkuu wa Congo, ilikuwa karibu kuanguka. Ndege zilizotekwa Goma zilikuwa zimewashusha wanajeshi wa Rwanda na waasi wa Congo katika kambi ya Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki. Aliyewaongoza ni James Kabarebe, ambaye wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa mkuu wa majeshi ya Rais wa Congo, Laurent-Désiré Kabila, mwenyewe. Waasi walipolishika bwawa la Inga, Kinshasa ikabaki gizani, na mapigano yakafika hadi uwanja wa ndege wa N'djili. Walioiokoa serikali ya Kabila ni askari wa Zimbabwe waliotua uwanjani hapo, pamoja na majeshi ya Angola yaliyowashambulia waasi kwa nyuma.

Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe alitoa sababu iliyoeleweka. Congo ilikuwa imejiunga na jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, mwaka 1997, nayo ilikuwa imevamiwa na majirani zake, Rwanda na Uganda. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chombo cha SADC kinachoshughulikia siasa, ulinzi na usalama. Nelson Mandela, mwenyekiti wa SADC wakati huo, alitaka mazungumzo kwanza. Mugabe, Angola na Namibia hawakungoja. Hoja ya uvamizi ilikuwa ya kweli, na anayeisimulia historia hii bila kuikiri anawaonea askari waliokwenda wakiiamini.

Hata hivyo, Zimbabwe haipakani na Congo. Kati yao iko Zambia, ambayo haikupeleka askari hata mmoja bali ilikaa kuwa mpatanishi. Kwa nini basi nchi isiyoguswa na moto huo ndiyo iliyotuma jeshi kubwa, lililofikia askari wapatao 11,000, zaidi ya robo ya jeshi lake zima? Sehemu ya jibu ni ya kisiasa: Mugabe alitaka kubaki mzee wa ukanda uliokuwa umeanza kumtazama Mandela. Sehemu nyingine ni ya fedha. Shirika la serikali la silaha, Zimbabwe Defence Industries, lilikuwa limemuuzia Kabila silaha na vifaa kwa mkopo alipokuwa akipigana kumwondoa Mobutu, mtawala aliyemtangulia. Kabila akiondoka, deni lingeondoka naye.

Naye Kabila hakuwa na fedha taslimu za kulipa. Alichokuwa nacho ni ardhi: shaba na kobalti ya Katanga, almasi ya Kasai, na misitu. Mwishoni mwa 1998 alimweka mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, kuwa mkuu wa Gécamines, shirika la madini ambalo vizazi vya watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wamelitegemea kwa mshahara, shule na hospitali. Mgeni aliyefuatana na vita akakabidhiwa shirika mama la Katanga, akalishika hadi mapema mwaka 2000.

Mwaka 1999 lilifuata jambo zito zaidi. Jeshi la Zimbabwe lilianzisha kampuni, Osleg, iliyochukua jina lake kutoka kwenye jina la operesheni ya kijeshi yenyewe. Mkuu wa majeshi, Jenerali Vitalis Zvinavashe, alikuwa mmoja wa wakurugenzi, na mwingine alikuwa katibu mkuu wa Wizara ya Ulinzi. Osleg iliingia ubia na Comiex, kampuni iliyohusishwa na Kabila, wakaunda Cosleg. Almasi zilizolengwa zilikuwa kwenye maeneo ya Senga Senga na Tshibua, karibu na Mbuji-Mayi, yaliyomegwa kutoka MIBA, kampuni ya almasi ambayo mwenye hisa mkuu alikuwa serikali ya Congo. Mtaji na utaalamu vilitafutwa kwa Oryx Natural Resources, kampuni iliyoongozwa na Thamer Al Shanfari wa Oman. Mwaka 2000 walijaribu kuiingiza biashara hiyo katika soko la hisa London, lakini kelele dhidi ya almasi za vita zikawa kubwa na mpango ukaachwa mwezi Juni.

Hapa ndipo ninapoona mstari ulipovukwa. Jeshi la taifa linalipwa na hazina ili kamanda wake asiwe na sababu nyingine ya kupigana ila amri halali. Kamanda anapokuwa mkurugenzi wa kampuni kwenye eneo analolilinda, nani atajua kama askari wamebaki pale kwa ajili ya raia wa Mbuji-Mayi au kwa ajili ya mgodi?

Nyumbani, hali ilikuwa mbaya hata kabla ya vita. Tarehe 14 Novemba 1997 dola ya Zimbabwe iliporomoka vibaya kwa siku moja, baada ya serikali kuahidi malipo makubwa kwa wapigania uhuru wa zamani bila kuwa na bajeti. Januari 1998 watu waliandamana kwa sababu ya bei ya chakula. Novemba mwaka huohuo, miezi mitatu tangu ndege za jeshi zianze kuruka kwenda Kinshasa, bei ya mafuta ilipandishwa kwa asilimia 67. Vyama vya wafanyakazi vilivyoongozwa na Morgan Tsvangirai viliitisha migomo ya kukaa nyumbani, na serikali ikaipiga marufuku. Sasa mwananchi aliyetembea kwa miguu kwenda kazini Harare alikuwa na swali la wazi: mafuta ya ndege za Congo yanatoka wapi?

Serikali iliiambia IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwamba vita vinagharimu dola milioni 3 za Marekani kwa mwezi. Oktoba 1999 gazeti la Financial Times likaripoti waraka wa ndani uliovuja, ulioonyesha kwamba kati ya Januari na Juni zilitumika dola milioni 166. Mkopo wa IMF wa dola milioni 193, ulioidhinishwa Agosti tu, ukasimamishwa. Mwaka uliofuata waziri wa fedha, Simba Makoni, alikiri kwamba vita vilikuwa vimekula zaidi ya dola milioni 200 katika miaka miwili. Kufikia hapo foleni za petroli zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Waliouliza mapema walilipa kwa miili yao. Januari 1999 gazeti la The Standard liliandika kwamba wanajeshi 23 wamekamatwa kwa kupanga kuipindua serikali, na kwamba vita vya Congo vilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Mhariri Mark Chavunduka alichukuliwa na jeshi, kisha mwandishi Ray Choto. Mahakama iliamuru Chavunduka aachiwe, jeshi halikutii. Wote wawili waliteswa kizuizini. Majaji walipomwandikia Rais kumwomba athibitishe kwamba sheria ingali inatawala, Mugabe aliwajibu kwenye televisheni akiwataka wajiuzulu. Sijui ishara nyingine iliyoonyesha wazi zaidi jinsi vita vya mbali vilivyokuwa vimeanza kuigusa katiba ya nyumbani.

Septemba 1999 vyama vya wafanyakazi vya Tsvangirai vilizindua chama cha upinzani, MDC. Februari 2000 wananchi waliikataa rasimu ya katiba ya serikali kwa karibu asilimia 55, na hapo Mugabe akashindwa katika kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Juni, pamoja na vitisho na mashamba kuvamiwa, MDC ilipata viti 57 dhidi ya 62 vya ZANU-PF, chama cha Mugabe. Congo haikuwa sababu pekee, lakini iliwapa wapinzani hoja ambayo kila mwenye sufuria tupu aliielewa.

Kule mstari wa mbele mambo hayakuwa bora. Askari wa Zimbabwe walizingirwa Ikela, na Desemba 2000 Pweto ilianguka, majeshi ya serikali yakakimbilia Zambia. Kabila aliuawa Januari 2001. Zimbabwe iliondoka mwaka 2002, na Oktoba jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likatoa ripoti. Lilisema kwamba mtandao wa vigogo wa Congo na Zimbabwe ulihamisha mali ya sekta ya madini ya serikali yenye thamani ya angalau dola bilioni 5 kwenda kampuni binafsi katika miaka mitatu, bila serikali ya Congo kulipwa fidia. Emmerson Mnangagwa, wakati huo Spika wa Bunge, alitajwa kuwa mpanga mikakati mkuu wa upande wa Zimbabwe. Harare iliikana ripoti hiyo.

Majirani waliovamia hawana cha kujivunia. Jopo hilohilo, mwaka 2001, lilikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilivuna angalau dola milioni 250 za koltani katika miezi 18. Uganda na Rwanda walipigana wenyewe kwa wenyewe Kisangani, wakaua mamia ya raia. Uganda ilitiwa hatiani kwa uvamizi na uporaji huo na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaamriwa kuilipa Congo dola milioni 325. Fedha hizo zinatoka kwa mlipa kodi wa Uganda, ambaye hakuwahi kuiona dhahabu iliyoporwa Ituri, mashariki mwa Congo.

Lakini kwa Zimbabwe gharama kubwa zaidi haikuwa ya fedha. Maafisa walirudi na mazoea mapya. Januari 2002 Zvinavashe, akizungukwa na makamanda wenzake, alitangaza kwamba hawatamtii rais asiye na historia ya vita vya ukombozi. Almasi zilipopatikana Marange, ndani ya Zimbabwe, jeshi lilipelekwa huko mwaka 2008, wachimbaji wadogo wakauawa, na baadaye kampuni zenye mkono wa jeshi zikachimba. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 2017, afisa aliyesoma kwenye televisheni tangazo la jeshi lililoanza kumwondoa Mugabe alikuwa Meja Jenerali Sibusiso Moyo, ambaye ripoti ya 2002 ilikuwa imemtaja kuwa mkurugenzi mkuu wa Cosleg. Aliyepanda kuwa rais ni Mnangagwa.

Katiba ya Zimbabwe ya 2013 inamtaka Rais kulieleza Bunge mara anapotuma majeshi nje, na inaliwezesha Bunge kulitengua agizo hilo kwa kura ya theluthi mbili. Mwaka 1998 hakuna mbunge aliyepigia kura safari ya Kinshasa. Askari wa Kenya, Uganda na Tanzania nao wametumwa mashariki mwa Congo katika miaka ya karibuni. Wabunge wa Nairobi, Kampala na Dodoma waombe mezani mambo mawili kabla ndege haijaruka: makadirio ya gharama, na orodha ya kampuni za nchi yao zenye leseni za madini kule askari wanakokwenda.