Ukikuta mtoto wa ndovu peke yake, usimpe maziwa ya ng'ombe

Ukame unapokaza, ndovu wadogo hutumbukia visimani au hubaki peke yao mama akifa. Mara nyingi wa kwanza kuwaona ni mchungaji, na kwa huruma yake hukimbilia kibuyu cha maziwa. Huruma hiyo inaweza kumuua.

Tumbo la ndovu mchanga haliwezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Huharisha, hukaukiwa maji mwilini na kufa. Daphne Sheldrick alihangaika na jambo hili miaka mingi kule Tsavo, akipoteza ndama mmoja baada ya mwingine, mpaka alipogundua kuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi huwafaa. Shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe, David, bado hulea mayatima katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wakikua kidogo huhamishiwa upande wa Tsavo wazoee pori, na baadhi yao wamerudi kuwaona walezi wakiwa na watoto wao wenyewe.

Samburu nako, wenyeji wa Namunyak walifungua kituo chao, Reteti, mwaka 2016. Wao hutumia maziwa ya mbuzi wanayonunua kwa akina mama wa hapo hapo. Lakini usiseme, "Basi, mbuzi ninao." Maziwa hayo hupashwa moto na kuongezwa virutubisho, na chupa hutolewa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mlezi hulala karibu na ndama, kwa sababu ndovu mdogo hawezi upweke. Kazi hiyo ni ya miaka, si ya wiki moja. Isitoshe, kumfuga bila kibali ni kosa kisheria.

Kwa hiyo ufanye nini? Kaa mbali, fukuza mbwa, zuia watu wasijazane. Huenda mama yuko vichakani, na ndovu mwenye mtoto hana mzaha. Usimmwagie maji mdomoni wala mkongani, kwani yakiingia mapafuni huleta nimonia. Mpigie askari wa wanyamapori wa KWS au wa hifadhi ya jamii iliyo karibu. Mweleze ni wapi, umemwona tangu saa ngapi, ana jeraha au hana, na kundi lilielekea upande gani. Hilo la mwisho ndilo watakaloanza nalo, kwani hujaribu kwanza kumrudisha kwa mama yake.