Mtandao Usio na Mfalme

Mwanafunzi apelekaye ujumbe kutoka Kisumu hadi London kwa nukta chache hutumia kazi ya watu wengi asiowajua. Ujumbe wake hupita chini ya bahari na kuvuka mipaka ya nchi nyingi, wala hakuna askari wa forodha ausimamishaye njiani kuuliza cheti. Wengi hudhani kwamba mambo haya hujiendesha yenyewe. Sivyo hata kidogo. Kila mahali ujumbe upitapo pana mapatano, na kila mapatano ni kazi ya watu waliokaa barazani, wakabishana, kisha wakaafikiana. Yafaa basi, msomaji, tujue mapatano hayo yalipatikanaje, na nani walikuwapo yalipofanywa.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya mwaka 1865, mara nyingi habari za simu katika Ulaya zilikoma mipakani. Karani wa nchi moja aliziandika katika karatasi, akampa karani wa nchi ya pili, naye akazipeleka upya kwa waya wa kwao. Kila taifa lilikuwa na ada zake na sheria zake. Taabu hiyo ndiyo iliyozikutanisha nchi 20 mjini Paris, zikatia sahihi mapatano tarehe 17 Mei 1865. Zilikubali kutumia alama za Morse, kuhesabu ada kwa faranga ya Ufaransa, na kuitunza siri ya habari za watu. Umoja uliozaliwa siku ile ungali hai: makao yake yako Geneva, nao ni shirika mojawapo la Umoja wa Mataifa.

Lakini angalia neno moja. Nchi zilizokutana Paris zilikuwa za Ulaya. Mwaka 1879 waya wa simu ulifika Unguja chini ya bahari kutoka Aden, nao ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Kanuni za simu zilikuwa zimekwisha kupangwa katika mabaraza ambayo watu wa pwani yetu hawakuketi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba asiyekuwapo na lake halipo.

Intaneti ilizaliwa kwa njia nyingine. Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya chuo kikuu mjini Los Angeles ilijaribu kupeleka neno moja kwa kompyuta nyingine ya mbali. Herufi mbili zilifika, kisha mtambo ukazimika. Kazi hiyo ililipiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Mtandao ulipokua ilihitajiwa orodha ya namba, ili kila kompyuta iwe na anwani yake isiyofanana na ya nyingine. Kwa miaka mingi orodha hiyo ilitunzwa na mtaalamu mmoja wa California, Jon Postel, aliyefariki mwaka 1998. Mwaka huo huo shirika jipya, ICANN, liliundwa katika California kuishika kazi hiyo, kwa mapatano na serikali ya Marekani.

Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto. Mataifa mengi yaliuliza: Je, ni haki serikali moja iushike ufunguo wa nyumba ya wote? Marekani na wenzake walijibu kwamba ufunguo huo ukipewa baraza la serikali zote, watawala wasiopenda kusemwa watapata kamba ya kufungia watu vinywa. Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli. Mataifa yalikutana Geneva mwaka 2003, na tena Tunis mwezi wa Novemba 2005, wala shauri halikukatwa. Hata hivyo walikubaliana jambo moja: kuanzisha baraza la kila mwaka, ambamo serikali, makampuni, wataalamu na raia wa kawaida wataketi kama watu sawa. Baraza hilo lilikutana kwanza Athens mwaka 2006, na mwaka 2011 lilikuja Nairobi.

Labda utasema: baraza lisilotunga sheria lafaa nini? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2012, mataifa yalipokutana Dubai kuandika upya mkataba wa mawasiliano, 89 yalitia sahihi na 55 hayakutia. Maneno mengi hayaleti mapatano sikuzote. Lakini tazama upande wa pili. Tarehe 1 Oktoba 2016 mapatano ya Marekani na ICANN yalikoma, na usimamizi wa orodha ile ukawa mikononi mwa jamii ya watumiaji na wataalamu wa nchi nyingi. Ufunguo haukunyang'anywa kwa nguvu. Uliachiliwa baada ya miaka ya mazungumzo.

Nasi je? Mwaka 2008 wajumbe wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi kuzungumza juu ya intaneti yao. Mwaka uliofuata nyaya mpya zilifika Mombasa chini ya bahari, na mmoja wao, uendao hadi Fujairah, ulijengwa kwa fedha za serikali ya Kenya pamoja na makampuni. Linganisha na waya ule wa mwaka 1879, nawe utaona umbali tuliokwisha kwenda.

Hata hivyo safari haijesha. Watu wengi duniani hawajaifikia intaneti. Zipo serikali ziizimazo wakati wa uchaguzi. Yapo makampuni machache yenye nguvu kuliko mataifa mengi, na sasa kuna mashine zinazoandika na kujibu kama watu, ambazo sheria zake ndiyo kwanza zinatungwa. Mambo haya hayatangoja mpaka tuwe tayari. Yataamuliwa na wale watakaokuwapo, wenye elimu ya kuelewa na uvumilivu wa kusikiliza. Jifunze hesabu, jifunze sheria, jifunze lugha za wenzako wala usiidharau yako, ili siku utakapoitwa barazani uwe na neno la kusema.