Kumiliki na Kuwa na Mwenyewe: Historia ya Neno katika Pwani ya Kusini

Neno hakimiliki huchapwa katika kurasa za mwanzo za vitabu vyetu bila ya kuulizwa lilikotoka. Miliki ni neno la mzizi wa Kiarabu m-l-k, uliotuzalia pia milki, mamlaka na hata mamluki, yaani mtu aliyemilikiwa. Ukoo huu wadhihirisha kwamba kumiliki, tangu asili, ni kutawala: mmoja ana amri, wengine wamezuiwa.

Kwa Wadigo wa Diani na Msambweni mambo hayakuwa hivyo. Kwa mila, mnazi uliweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Mwenye hueleza uhusiano wa mtu na kitu. Haufungi mlango kama ufanyavyo mmiliki. (Atakayetupinga atatukumbusha Mwenyezi. Sawa, lakini nguvu hapo imo katika ezi, si katika mwenye.)

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mdai wa ardhi ya ukanda wa pwani ajitokeze athibitishe dai lake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya dola ya Kiingereza. Mdai aliyeeleweka upesi na sheria hiyo ni mtu mmoja mwenye mipaka na ushahidi. Ukoo uliotumia ardhi kwa pamoja haukueleweka. Ndipo Kiswahili cha huko kikahitaji neno skwota, la kumwita mtu aliyezaliwa papo hapo alipozikwa babu yake.

Mhakiki wa fasihi asidhani kuwa hayo ni ya wanasheria tu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi, na Katiba ya 2010, ibara ya 40, inaitaja miliki ya ubunifu pamoja na mali nyingine. Lakini ngano iliyosimuliwa Msambweni ina wenyewe wengi, wala haina mtunzi mmoja. Mtafiti anapoinasa, kuinukuu na kuichapisha, jina linalokaa kando ya alama ya hakimiliki mara nyingi ni lake. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni imeitambua jamii kuwa mwenye haki. Hata hivyo, tasnifu tunazozisahihisha bado humtaja msimulizi katika kiambatisho, baada ya ramani, kwa jina la "mtoa taarifa".