Mbwa wa Wavuvi Aliyegeuka Mwokoaji

[MUZIKI WA KUFUNGUA. SHUSHA SAUTI.]

 

Leo naanza na jambo langu mwenyewe. Nilikuwa mtoto, tunavuka mpaka. Mbele yetu alisimama askari aliyeshika mbwa mweusi, masikio yamelala. Mama alinificha nyuma ya kitenge chake. Kule tulikotoka, mbwa wa askari tulimjua kwa kuuma. Lakini yule alitupita, akanusa mizigo, akaketi kimya mbele ya begi moja. Askari akampa kipande cha chakula. Basi. Nilikaa miaka nikijiuliza: mbwa gani huyu asiyemtafuta mtu ili amuume?

Nilimtambua baadaye, kwenye picha za kitabu. Anaitwa Labrador.

[MUZIKI MFUPI]

Twende Newfoundland, kisiwa kilichoko mashariki ya Kanada. Maji ya huko ni baridi kama barafu. Wavuvi wake walifuga mbwa wa kuwasaidia kazi: kuvuta kamba za nyavu na kumdaka samaki aliyechomoka kwenye ndoana. Mbwa aliyefaa alikuwa na manyoya mafupi mazito yasiyoshika maji, na ngozi kati ya vidole ya kumsaidia kuogelea. Tena ilimbidi amlete samaki bila kumtafuna, maana samaki yule ndiye riziki ya nyumba.

Meli zilizopeleka samaki wa chumvi Uingereza zilifika na mbwa hao katika bandari ya Poole. Mwanzoni mwa karne ya 19, matajiri wa huko, akiwemo Earl wa Malmesbury, waliwapenda wakawanunua. Waliwatumia kuokota ndege waliopigwa risasi. Mwaka 1903, chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi kuwa aina yao wenyewe. Huko Newfoundland, mbwa wa asili walipungua hadi wakatoweka kabisa.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa, kwa nini mbwa huyu anafaa kunusa na kuokoa?

Kwanza, pua. Pua ya mbwa ina chembe za kunusia zaidi ya milioni 200. Yetu ina kama milioni 5 au 6. Ila mbwa wengi wana pua nzuri.

Pili, tabia. Labrador alizoea kwa vizazi vingi kutafuta kitu kilichopotea na kukirudisha kwa bwana wake. Hachoki upesi, na hupenda kushirikiana na watu.

Tatu, tumbo! Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya kurithi inayomfanya apende sana chakula. Mbwa anayependa chakula hufundishika haraka: ukinusa vizuri, unakula.

Kule Meksiko alikuwepo Labrador wa jeshi la majini, jina lake Frida. Alivaa miwani na viatu ili vumbi na vioo visimuumize. Alipelekwa Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Katika maisha yake ya kazi alisaidia kuwapata watu 12 wakiwa hai chini ya vifusi. Alikufa mwaka 2022.

Fikiri, ndugu yangu: wewe uko chini ya ukuta ulioanguka, sauti imekukauka. Anayekuja kwanza ni mbwa. Akibweka, anawaita watu waje kuchimba.

[MUZIKI. SHUSHA SAUTI.]

Wengine wenu mtakutana na mbwa wa kunusa mpakani, au uwanja wa ndege siku ya kusafiri. Usikimbie. Usimguse wala usimpe chakula, yuko kazini. Simama kwa utulivu, mshike mtoto mkono. Kama unaogopa, au dini yako inakutaka ukae mbali na mbwa, mwambie anayemwongoza.

Nilipomsomea mama karatasi hii, alicheka, akasema, "Kumbe nilimficha mtoto bure." Nikamwambia, "Hapana mama, siku ile hatukujua."

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA.]