Mpishi Aliyekodi Gazeti

Mwishoni mwa mwaka 1788 Mfalme George III wa Uingereza alirukwa na akili. Madaktari walimvisha fulana ya kumfunga mikono, wanasiasa wakaanza kuhesabu kura bungeni, na macho yote yakamgeukia mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 26 mwenye madeni mengi na siri moja. Siri yenyewe ilikuwa ndoa. Tarehe 15 Desemba 1785 alikuwa amemwoa kwa kificho Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki, na huku sheria ya 1701 ilimnyima kiti cha enzi yeyote atakayeoa Mkatoliki, na ile ya 1772 ilibatilisha ndoa ya mtu wa ukoo wa kifalme aliyeoa bila idhini ya mfalme. Mwaka 1787 rafiki yake Charles James Fox alisimama bungeni akatamka kwamba hapakuwa na ndoa. Sasa, madaraka yakiwa karibu kumwangukia kijana huyo, gazeti la Morning Post likaanza kudondoa vijineno juu ya Bibi Fitzherbert.

Aliyetumwa kwenda kuyamaliza hakuwa wakili wala waziri. Alikuwa Louis Weltje, Mjerumani, msimamizi wa jiko la mwana huyo wa mfalme.

Weltje hakuwa mpishi wa kukaa nyuma ya sufuria tu. Inasimuliwa kwamba alianza maisha yake London akiuza mikate ya tangawizi barabarani, kisha akafungua klabu ya mabwana wakubwa katika mtaa wa St James's. Ni yeye aliyekodi nyumba ya shamba kule Brighton ambayo bwana wake aliigeuza kasri la kando ya bahari. Wachora katuni walimcheka kwa umbo lake na kwa Kiingereza chake kilichopinda. Lakini mtu aliyewahi kuuza mikate mtaani na kulisha walevi wa klabu anajua kila kitu kina bei, na anajua kuipunguza.

Alipokwenda Morning Post, Weltje hakujadiliana bei ya aya moja moja. Alilikodi gazeti lenyewe kwa niaba ya tajiri yake, na John Benjafield, aliyekuwa na sehemu katika gazeti hilo, akapangiwa malipo ya kila mwaka. Vijineno vikakatika. Gazeti lililokuwa likimtisha Mwana wa Mfalme likageuka kuwa msemaji wake.

Ili kuelewa kwa nini bei kama hizo zilikuwapo, mtu inampasa aangalie hesabu za magazeti ya London ya wakati huo. Kila nakala ilibeba stempu ya kodi: peni moja na nusu tangu 1776, peni mbili kuanzia 1789. Matangazo nayo yalitozwa kodi. Gazeti likawa ghali kwa msomaji wa kawaida, nakala zilizouzwa zikawa chache, na mwenye gazeti akatafuta riziki pengine. Serikali ilimlipa John Walter, mwanzilishi wa The Times, pauni 300 kwa mwaka ili alitetee baraza la mawaziri. Wacheza tamthilia walilipia kusifiwa. Juu ya hayo kulikuwa na ada mbili ambazo watu wa mjini walizijua vizuri: ada ya kuzuia habari isitoke, na ada ya kuikanusha ikishatoka. Aliyechelewa kulipa ya kwanza alilipa ya pili. Waandishi wetu wa Afrika Mashariki wanaoitaja rushwa ya bahasha ya kahawia kwa kunong'ona wangeshangaa kuona jinsi jambo hilo lilivyofanyika mchana kweupe, na wakati mwingine kwa risiti.

Je, Weltje alisimama imara au alinywea? Kusema kweli alilipa, na mwenye kulipa humfundisha mdai kurudi. Ila alilipa kwa akili kuliko mabwana aliowapikia, maana wao walinunua ukimya wa wiki moja na yeye akakodi mashine nzima. Waliopata hasara ni wasomaji. Daniel Stuart alipolinunua Morning Post mwaka 1795 kwa pauni 600, lilikuwa likiuza nakala 350 tu kwa siku. Stuart alilifufua kwa kuwaandikisha watu kama mshairi Coleridge, na kufikia 1803 lilikuwa linauza nakala 4,500.

Kisa cha Weltje kinapendeza kwa sababu kinakwenda kinyume cha mazoea. Katika biashara hii ya vitisho mtumishi wa nyumbani kwa kawaida alikuwa ndiye tundu ambalo siri zilivujia. Nani mwingine angejua shuka za chumba kipi zimekunjamana, barua ya nani imechomwa kwenye meko, gari la nani limelala uani mpaka alfajiri? Mhariri wa udaku aliyekuwa na rafiki mmoja jikoni hakuhitaji ripota.

Hata hivyo kusema kulikuwa na gharama. Mtumishi wa Uingereza hakupata kazi mpya bila barua ya tabia kutoka kwa tajiri wa zamani, na sheria ya 1792 ilimtoza faini ya pauni 20 aliyeghushi barua hiyo au kuitoa kwa uongo. Pauni 20 ilizidi mshahara wa mwaka mzima wa kijakazi. Wazee wa Kenya waliobeba kipande shingoni, karatasi ndani yake ikionyesha walimfanyia kazi nani na waliachana naye vipi, wangeutambua mnyororo huo mara moja. Kwa hiyo uaminifu wa mtumishi haukuwa mapenzi matupu. Jina la tajiri lilipochafuka, la mtumishi nalo lilichafuka, na nyumba ilipovunjika alitupwa nje pamoja na samani.

Hilo lilionekana wazi mwaka 1820, pale kijana yule wa 1788, sasa Mfalme George IV, alipotaka kumwacha mkewe halali Caroline kwa kumshtaki mbele ya mabwana wa bunge kwamba alizini na mtumishi wake Mwitaliano, Bartolomeo Pergami. Mashahidi wakuu walikuwa watumishi wa Caroline wa zamani. Teodoro Majocchi alijibu “sikumbuki” kwa Kiitaliano mara nyingi hivi kwamba London nzima ikaanza kumwigiza. Louise Demont, aliyekuwa kijakazi wa chumbani, alitoa ushahidi mzito zaidi. Lakini nduguye Mariette Bron alikuwa bado yumo katika utumishi wa Caroline, na barua ambayo Louise alimwandikia baada ya kuondoka, iliyojaa sifa kwa bibi yao, ikatolewa hadharani na mawakili wa utetezi. Ndugu wawili wa familia moja, mmoja akiwa upande wa mfalme na mwingine amebaki nyumbani kwa malkia: vitabu vya historia vinampa nafasi kubwa Henry Brougham, wakili aliyeongoza utetezi, lakini barua ile ilifanya kazi ambayo hotuba yake isingeweza.

Muswada wa kumwadhibu Caroline ulipita kwa kura tisa tu, serikali ikauacha. Hapo ndipo magazeti yalipoingia kumalizia. Mwezi Desemba 1820 Theodore Hook alianzisha John Bull, gazeti la kila Jumapili ambalo shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwataja na kuwakashifu mabibi waliothubutu kumtembelea malkia, ili wengine waogope na nyumba yake ibaki tupu. Mabibi wengi waliogopa. Mafundi hawakuogopa. Waliendelea kufika Brandenburg House, Hammersmith, kwa maandamano ya kazi zao, na mnamo Januari 1821 wafua shaba walikwenda wakiwa na deraya na kofia za chuma zinazong'aa, risala mkononi. Hawakuwa watumishi wake, wala hawakuwa na jina la kuchafuliwa kwenye safu ya udaku. Labda ndiyo sababu waliweza.

Mfalme naye hakuwa amesahau somo la Weltje. Mwezi Juni 1820 mchoraji George Cruikshank alipokea pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mtukufu katika hali yoyote ya aibu.

Miaka mitano baadaye Harriette Wilson, aliyekuwa hawara wa nusu ya wakubwa wa London, aliandika kumbukumbu zake na mchapishaji wake Stockdale akawapelekea wahusika bei ya kuachwa nje: pauni 20 kila mwaka, au 200 kwa mkupuo. Kilichokuwa ada ya gazeti kikawa sasa orodha ya bei.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa ya kudumu ni Barnard Gregory. Gazeti lake, The Satirist, lilitoka mara ya kwanza tarehe 10 Aprili 1831. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Aya ya kashfa iliandikwa na kupangwa kwa herufi za chapa, kisha mhusika akapelekewa taarifa kwamba ipo tayari na itatoka toleo lijalo asipolipa. Aliyelipa aliachwa. Aliyekataa alipigwa wiki baada ya wiki. Wengi walilipa, na waliokwenda mahakamani waligundua kwamba kesi ya kashfa huitangaza kashfa upya.

Mmoja wa waliomkataa alikuwa mtu ambaye si rahisi kumhurumia: Charles, Duke wa Brunswick, mtawala wa Kijerumani aliyefukuzwa na raia wake Septemba 1830 na kasri lake kuchomwa moto. Wapenzi wa sataranji wanamjua kama mmoja wa mabwana wawili waliofungwa na Paul Morphy katika Opera ya Paris mwaka 1858. Alijipamba almasi na alishtaki watu kama wengine wanavyokunywa chai. The Satirist lilifikia hatua ya kumhusisha na mauaji ya Eliza Grimwood, mwanamke aliyekutwa amechinjwa karibu na Waterloo mwaka 1838.

Gregory alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda jukwaa, na kwa kauli ya wengi hakuwa mwigizaji mbaya. Tarehe 13 Februari 1843 alitangazwa kucheza Hamlet pale Covent Garden. Duke alikuwa ukumbini, katika roshani yake ya faragha. Mara Gregory alipotokea, ukumbi ulilipuka kwa zomeo, miluzi na vigelegele vya dharau hata maneno yake yasisikike. Gregory alimshtaki Duke pamoja na wakili wake Vallance kwamba walikodi watu wa kuzomea. Baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi washtakiwa. Hata kama kulikuwa na waliolipwa, London haikuwa na uhaba wa watu waliokuwa tayari kumzomea Gregory bure.

Mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria inayobeba jina la Lord Campbell. Kifungu chake cha tatu kilifanya kuwa kosa kutishia kuchapisha kashfa, au kuahidi kuizuia, kwa nia ya kupata fedha. Adhabu ilikuwa hadi miaka mitatu jela. Ada ya kuzuia habari, ambayo wahariri wa 1788 waliidai bila haya, ikawa uhalifu. The Satirist lilifungwa mwaka 1849.

Duke alikuwa bado anadai deni la zamani zaidi. Tarehe 19 Septemba 1830, siku chache baada ya kufukuzwa kwake, gazeti la Weekly Dispatch lilimwandika vibaya. Muda wa kushtaki kashfa ulikuwa miaka sita, na ulikwisha kitambo. Ndipo miaka 17 baadaye akamtuma mtu wake, ambaye masimulizi ya wanasheria humwita mtumishi, aende ofisi ya Weekly Dispatch na kuomba kununua toleo lile kuukuu. Karani akalitafuta, akampa, akapokea pesa. Mtumishi akatoka nalo. Nakala nyingine ilipatikana British Museum.

Mwaka 1849 mahakama iliamua kwamba kumuuzia mtu yule nakala ile kulikuwa kuchapisha upya, ingawa mnunuzi alitumwa na mlalamikaji mwenyewe. Saa ya miaka sita ilianza kuhesabu siku ile karani alipokabidhi gazeti. Duke akapewa pauni 500. Ni vigumu kukumbuka amri nyingine ya tajiri, yenye gharama ya peni chache na matembezi mafupi, iliyowatesa wahariri kwa muda mrefu hivyo: kila maktaba ya magazeti ya zamani ikawa ghala la kesi ambazo bado hazijafunguliwa.

Kanuni hiyo iliishi kuliko magari ya farasi na kuliko watumishi wa mavazi rasmi. Intaneti ilipokuja, kila mtu aliyefungua habari ya zamani kwenye kumbukumbu ya gazeti alihesabiwa kuwa mnunuzi mpya. The Times, lilelile la John Walter, lilishindwa kesi ya mfanyabiashara Grigori Loutchansky kwa msingi huo, likakata rufaa mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwezi Machi 2009 likashindwa tena; mahakimu wa mahakama hiyo walikitaja kisa cha Duke na mtu aliyetumwa kununua gazeti. Uingereza ilibadilisha kanuni hiyo kwa sheria ya kashfa ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2014. Tangu hapo muda wa kushtaki unahesabiwa kuanzia siku habari ilipotoka mara ya kwanza, na ni mwaka mmoja.