Idi na Mwaka wa Mpunga katika Delta ya Rufiji

Sikukuu ya Idi katika delta ya Rufiji hufuata kalenda mbili zisizopatana. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, ambayo kila mwaka huirudisha Idi nyuma kwa siku 10 au 11. Ya pili ni ya mpunga, unaopandwa Desemba na Januari, ukalindwa masika yote dhidi ya ndege na nguruwe pori, ukavunwa Juni na Julai. Idi huuzunguka mwaka wa mpunga kwa muda wa miaka 33 hivi, kwa hiyo mtu mzima yeyote wa delta amekwisha kula Idi ghala likiwa limejaa na nyingine ghala likiwa tupu. Namna familia za huko zilivyoimudu sikukuu hiyo zikiwa na fedha kidogo, au bila fedha kabisa, haieleweki bila kuziangalia kalenda hizo pamoja.

Katika karne ya 19 delta ilikuwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar. Wenyeji wake, Wandengereko na Wanyagatwa, waliuza mpunga Unguja, na mikoko yao ilikatwa boriti zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Uislamu ulianza kwenye bandari ndogo za midomo ya mto. Ulienea zaidi kwenye vijiji vya ndani baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo mganga wake mkuu, Kinjikitile, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, kusini mwa mto. Wajerumani walikuwa wameleta kodi ya nyumba mwaka 1898, na tangu hapo fedha taslimu ya boriti na mpunga ilikuwa na mdai wake kabla sikukuu haijafika.  

Msaada mkubwa kwa maskini siku ya Idi umo katika sheria ya dini yenyewe. Zaka ya fitri hutolewa kwa chakula cha mahali, na delta chakula hicho ni mchele: pishi moja, sawa na kilo mbili na nusu hivi, kwa kila mtu wa nyumba. Nyumba ya watu wanane hutoa pishi nane kabla ya sala ya Idi. Asiyebakiwa na ziada juu ya chakula cha siku hiyo hadaiwi kitu, naye ndiye anayepokea. Mchele wa asubuhi hupikwa mchana huohuo, na jikoni hakuna wa kuulizia ulitoka ghala la nani.

Baada ya sala kila nyumba hutoa sinia. Wanaume na watoto wa kiume hula barazani au uwanjani kwa msikiti, masinia yakiwa yamepangwa mstari mmoja. Sinia la wali wa nazi na kuku hukaa ubavuni mwa sinia la wali na kisamvu, na mikono hupita kote. Desturi hii huonekana pwani nzima, lakini delta ina faida yake: mchele, nazi, samaki na kuku, vyote ni vya nyumbani. Vya dukani ni vichache, navyo ni sukari, chumvi, mafuta, na iliki ya vitumbua. Pilau yenye viungo vya Unguja ilikuwa chakula cha wenye nafasi, na kwa miaka mingi Idi ya delta haikuihitaji.

Idi ya Fitri ikiangukia Mei, kama ilivyokuwa kati ya 1987 na 1989 na tena kati ya 2020 na 2022, mpunga huwa bado mbichi shambani. Hapo ndipo pepeta inapopata nafasi yake. Masuke hukatwa punje zikiwa zimeanza kukaza maziwa lakini bado zina ukijani. Punje hukaangwa chunguni pamoja na maganda yake, kisha hutiwa kinuni zingali za moto. Wanawake wawili hutwanga kwa zamu, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, hadi punje zilale bapa. Zikichelewa kutwangwa hupoa na kuvunjikavunjika, zikawa chenga. Hupepetwa kwenye ungo na kuliwa na nazi iliyokunwa na sukari kidogo. Kwa watoto ni kitu kitamu kuliko biskuti yoyote, na gharama yake ni jasho.

Juu, kwenye ardhi ya mchanga ya Kibiti, mwaka una sura nyingine. Huko zao la fedha ni korosho, nazo huuzwa kuanzia Oktoba. Kati ya 2003 na 2007 Idi ya Fitri iliangukia Oktoba na Novemba, majira ambayo mkulima wa Kibiti anaweza kununua doti ya kanga na nguo za watoto, wakati mwenzake wa delta anatafuta mbegu. Ndugu wa pande hizi mbili wamezoea kusaidiana kwa tofauti hiyo: mchele hupanda juu, nguo na fedha hushuka chini.

Bahari nayo ina neno lake. Idi ya Fitri huja mwezi ukiwa mchanga, kwa hiyo daima huangukia bamvua. Kwa pwani hii maji ya bamvua hutoka sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni. Watu wanapotoka msikitini, vijito vingi vimebaki tope na mitumbwi imelala ubavu. Anayetaka kuwapa ndugu mkono wa Idi ng'ambo ya mto husubiri maji yapande. Mchana wa kusubiri huo ndio wa watoto, wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai sikukuu yao, sarafu moja moja. Maji hayohayo makubwa huingiza samaki kwenye wando, zile nyua za fito zinazotegwa vijitoni, na kitoweo hupatikana bila kwenda sokoni.

Nyama ya ng'ombe ni jambo la juzi. Mbung'o waliifanya Rufiji kuwa nchi ya mbuzi na kuku, na hata Idi ya Haj, ambayo watu saba wanaruhusiwa kushirikiana ng'ombe mmoja, ilichinjiwa mbuzi, au haikuchinjiwa kabisa. Mambo yalibadilika baada ya 2006, wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu walipofika Rufiji na mifugo yao. Wafugaji hao na wakulima wamekuwa na ugomvi mkali juu ya mashamba, lakini bucha za Kibiti zilipata ng'ombe.

Mabadiliko makubwa ya karne ya 20 yalianza na mafuriko ya 1968. Serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni hadi vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, kabla ya Operesheni Vijiji kuanza kwingineko nchini. Mashamba yalibaki bondeni, na watu waliendelea kuhamia kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mpunga. Idi ikawa siku ya kurudi kijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na vitambaa viliadimika Tanzania nzima. Idi ya Julai 1983 ilikuta mpunga mpya delta, na upungufu ulionekana zaidi mwilini kuliko sahanini: kanga ya mwaka uliopita ilifuliwa, ikavaliwa tena. Mitumba iliyoingia kwa wingi baadaye ilipunguza tatizo la nguo za watoto.

Aprili 2024 mto ulifurika Rufiji na Kibiti siku zilezile za Idi ya Fitri, ukafunika mpunga uliokuwa umebakiza miezi miwili kuvunwa. Sasa Idi inarudi nyuma kuingia miezi ya palizi, wakati mchele wa mwaka uliopita unakwisha na watu wengi hula muhogo. Mara ya mwisho kuwa hapo ilikuwa Februari 1997. Mwaka 2028 itaangukia tena mwishoni mwa Februari.