Kileo, Mkupuo na Jina la Kifo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019. Wataalamu wanaolinganisha nchi na nchi hawaishii kuuliza watu wanakunywa lita ngapi. Huuliza pia wanakunywaje. Hapo ndipo msamiati wetu unapopwaya. Vinywaji tumevipa majina kochokocho: mbege, ulanzi, busaa, wanzuki, mnazi, chang'aa. Namna za kunywa, zote tumezirundika chini ya neno moja: ulevi.

Tuanze na pombe. Msemaji makini anajua kwamba pombe hupikwa, tembo hugemwa na gongo hukenekwa. Vitenzi hivyo vitatu ni hazina, kwa kuwa kila kimoja kinatuonyesha kazi ya mikono. Bia na mvinyo vimeingia kwa njia nyingine, cha kwanza kutoka Kiingereza, cha pili kutoka Kireno, na wengi hawavioni kuwa ndugu wa vile vya nyumbani. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa, "Mimi sinywi pombe, nakunywa bia tu." Tusimcheke. Nchini Urusi, hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 2011, bia ilihesabiwa kuwa chakula.

Lipo neno linaloweza kuvikusanya vyote bila ubaguzi, nalo ni kileo. Limezaliwa na kulewa, kwa hiyo linataja tendo la kinywaji mwilini badala ya jinsi kilivyotengenezwa. Tusilichanganye na kilevi, ambalo hukumbatia hata bangi. Katika takwimu na sheria tuandike kileo. Pombe tuliache katika chungu chake.

Maji ni jina la hila. Tunasema fulani "amepiga maji", nasi hatuko peke yetu. Vodka, kwa asili ya Kirusi, ni vijimaji; wiski imetokana na maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai. Kila mahali mnywaji hupenda kukiita kinywaji chake kwa jina la kitu kisichodhuru. Gongo ndilo lililokataa kusema uongo: gongo ni rungu nene, na anayepigwa nalo hana haja ya kufafanuliwa.

Sasa tulifikie pengo lenyewe. Ufaransa na Italia zina desturi ya mvinyo wa mezani, unaonywewa pamoja na chakula, kidogo kidogo, karibu kila siku. Madhara yake huja polepole, hasa kwenye ini. Urusi ya miaka ya 1990 ilikuwa na desturi nyingine: vodka nyingi kwa kikao kimoja. Huko kifo kilikuja kwa moyo kusimama, kwa sumu ya kileo chenyewe, kwa ajali na kwa ugomvi. Mwaka 1994 wastani wa umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi ulishuka chini ya miaka 58. Lita za mwaka zinaweza kukaribiana, makaburi yasilingane.

Magazeti yetu huandika "unywaji wa kupindukia". Kupindukia kunapima wingi, lakini hakusemi lolote kuhusu kasi. Anayekunywa chupa saba kwa wiki na anayezimaliza Jumamosi usiku wamekunywa sawa, ila hatari zao ni mbili tofauti. Kiswahili kinajua kunywa kwa mkupuo, na vijana wana kupiga tarumbeta, chupa ikielekea juu. Napendekeza tuseme unywaji wa mkupuo kwa ule wa kasi, na unywaji wa mezani kwa ule wa taratibu. Wala mezani tusilisome kuwa salama; linaeleza mwendo tu.

Warusi wana neno zapoi, yaani ulevi wa siku kadhaa mfululizo, mtu akiwa ameacha kazi na nyumba. Sisi husema mtu "ameweka kambi" kilabuni. Basi tuuite ulevi wa kambi.

Kesho yake hufuata kuzimua. Neno hili ni zuri mno kwa jambo linalolificha: kuzimua ni kupunguza ukali, kama afanyavyo mtu anayetia maji baridi kwenye ya moto. Kwa daktari, kileo cha asubuhi cha kutuliza kileo cha jana ni dalili ya uraibu.

Uraibu nao una historia. Pwani ulihusu tambuu: popoo, chokaa na tumbaku. Leo umepanuliwa, na umepanuliwa vyema, kwa sababu hautukani. Mlevi ni lawama, tena halibainishi kama mtu amelewa leo au hulewa kila siku. Mraibu ni mgonjwa anayeweza kutibiwa. Asiyetukanwa huja kliniki mapema.

Limebaki "pombe haramu". Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa nchini Kenya kwa kunywa vileo vilivyotiwa methanoli, na vichwa vya habari vikapiga kelele kwa neno hilo. Haramu ni neno la hakimu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwisha kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni. Kilichoua ni sumu. Tuseme kileo chenye sumu, mnywaji ajue anachokimbia.

Kwa hiyo, ndugu mhariri, mwalimu na mtangazaji, ukiletewa habari kwamba mtu "amekufa kwa pombe", usiipitishe hivyo. Uliza kilichomuua: sumu, ini, mkupuo au usukani? Kisha kiandike kwa jina lake.